Kuvisha Nyumba ya Lorna

Zamani binti akipanga nyumba yake ya kwanza hapa Voi hakulala ndani kabla akina mama hawajaja kuivisha. Siku hizi nyumba huvishwa ili ipigwe picha, na mwenyewe hutafuta pembe ya kulala.

Makokha aliijua desturi hiyo kuliko wanaume wengi, ingawa haikuwa ya wanaume. Mkewe, Nasimiyu, ndiye aliyeiongoza katika kwota za reli kwa miaka yote waliyoishi huko. Kwota zenyewe zilikuwa vyumba vya mawe vilivyofanana, kila kimoja na jiko lake la nje, na amri ya kwanza kabisa ilikuwa kwamba mtu asipigilie msumari ukutani. Watu walifika na godoro na sufuria, wengine kutoka Bungoma, wengine kutoka Ukambani, wengine wameteremka tu kutoka vilima vya Taita, wakaingizwa ndani ya chumba kitupu ambacho ukikohoa kinakujibu. Chumba kama hicho kinaweza kumfanya msichana arudi kwao kabla wiki haijaisha. Basi wanawake wakajitungia utaratibu wao.

Binti akiolewa, au akipata kazi na chumba chake, walimjia Jumamosi, kila mmoja na kitambaa alichokifuma kwa sindano ya kroshia. Kwanza waliosha. Hilo lilikuwa sharti, na halikuwa na mjadala: kila kitu cha nguo kilitolewa nje, mapazia, shuka, hata mfuko wa sukari kama ulikuwa wa nguo, kikatiwa kwenye karai, kikaanikwa. Ndipo vitambaa vilipotandazwa. Kimoja juu ya redio, kimoja juu ya kila kiti, kimoja juu ya mtungi, kimoja juu ya sanduku ili sanduku lisahau kwamba ni sanduku. Vyote vyeupe, vimetiwa bluu vikang'aa, vimelowekwa kwenye uji mwepesi wa muhogo na kupigwa pasi hadi vikasimama vyenyewe. Mwishowe mkubwa wao aliketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, wa kwanza kuketi, akasema, "Sasa kuna watu hapa." Wakaimba, wakanywa chai, wakaenda zao. Nyumba ilikuwa imevishwa.

Mjinga anaweza kucheka na kusema ni vitambaa tu. Ajaribu yeye kuweka kitu cheupe mahali penye vumbi jekundu kama hili letu, mwezi hadi mwezi, bila bomba la maji ndani ya nyumba. Wanawake wale walipigana na udongo maisha yao yote, na weupe wa vitambaa vyao ulikuwa ndiyo habari ya kwamba bado hawajashindwa.

Makokha alikuja Voi kijana, seremala wa mabehewa. Kazi yake ilikuwa viti, milango, na yale madirisha ya mbao yaliyoteremshwa kwa mkanda. Shule aliiacha mapema kwa sababu ya baba mgonjwa, lakini alisoma kila gazeti ambalo abiria waliliacha kwenye viti, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha karani wa stesheni. Nasimiyu alimfuata mahari yalipokamilika, akiwa na sanduku la chuma. Walikaa muda mrefu bila mtoto, wakasemwa, wakanyamaza, na Lorna akaja wakati watu walikuwa wameshachoka kuwasema. Yeye ndiye mtoto wao wa pekee.

Kisha reli mpya ikajengwa kule nje ya mji, na ile ya zamani ikaachwa kama mgonjwa ambaye jamaa zake wamehama. Karakana ilifungwa. Waliokuwa kwenye kwota wakaambiwa watoke. Makokha na Nasimiyu wakapanga vyumba viwili kwenye ploti moja huko Birikani, mabati juu, choo cha pamoja, na Nasimiyu akaivisha nyumba hiyo peke yake, maana wenzake walikuwa wametawanyika.

Ugonjwa wa tumbo ndio uliomchukua. Akiwa amelala wodini, mwembamba kama uzi wake, alimshika Makokha mkono.

"Baba Lorna."

"Niko hapa."

"Huyu mtoto akipanga nyumba, ivishwe. Usikubali akae kwa nyumba uchi."

"Itavishwa."

"Na usiniambie wamama wameisha. Watafute."

"Nimesema itavishwa, Mama Lorna. Lala."

Walimzika Bungoma, nyumbani kwa Makokha, kama inavyopasa. Ndugu walimwuliza Makokha kwa nini asibaki nyumbani, ana shamba, ana boma. Akasema amebakiza kazi moja Voi. Walidhani ni pensheni. Haikuwa pensheni. Alikuwa amemwahidi marehemu kitu ambacho mikono yake mwenyewe haikuweza kukifanya, na waliokiweza walikuwa wanazeeka upesi.

Lorna alikaa na baba yake Birikani miaka michache, akiuza katika duka la simu. Ndipo alipokutana na Maxwell, kijana wa Mwatate, mpole, mwenye kamera iliyomgharimu kuliko ng'ombe. Wakapanga pamoja katika mtaa wa Sofia, ghorofa ya pili, sakafu ya vigae. Makokha hakupenda kwamba hawakuanza na mahari, lakini alimeza neno hilo, kwa sababu nyumba ilikuwa imepatikana.

Na kitu kilichompa moyo ni kwamba Lorna alikuwa amegeukia mambo ya zamani. Aliacha duka la simu akaanza biashara ya kupamba vyumba vya watu kwa vitu vya mtindo wa kale. Vintej, ndivyo alivyoviita. Alizungusha kamba ya katani kwenye chupa tupu, akageuza miguu ya chuma ya cherehani kuwa meza, akaokota makreti ya soda akayafanya rafu za vitabu na viatu. Makokha alipopanda ngazi kumtembelea mara ya kwanza na kuona mkoba wa zamani wa safari, aina ile ile waliyobeba makarani wa reli, alisimama mlangoni. Alifikiri: damu haipotei. Mtoto amerudi mwenyewe kwa mama yake bila kuitwa.

Wiki hiyo hiyo alimletea sanduku la chuma na vitambaa vyote vya Nasimiyu. Alivitoa hata vile vilivyokuwa juu ya viti vyake mwenyewe.

"Chukua. Ni vyako."

Lorna alilia. Hilo lisemwe, kwa sababu ni kweli. Alifungua sanduku, akapitisha mkono juu ya vile vitambaa, akamkumbatia baba yake.

"Baba, unajua watu wanatafuta hizi vitu mpaka Nairobi? Hizi ni za ukweli!"

Makokha aliondoka akiwa mwepesi. Hakujiuliza watu hao wa Nairobi wanavitafutia nini.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuwatafuta akina mama. Wengi walikuwa wamekufa. Mmoja alichukuliwa na wanawe wakaenda naye Kitui, mwingine alikuwa Voi hapa hapa lakini hakumtambua mtu tena. Wawili tu ndio walioweza kushika sindano. Priscilla, mjane wa mtu wa ishara za treni, alikuwa amerudi kwao Wundanyi. Tryphena, Mluhya kama Makokha, alikuwa anaishi Mwatate karibu na mashamba ya mkonge, ambako marehemu mumewe alipata kibarua reli ilipomwacha.

Alianzia kwa Tryphena. Alimkuta uani akipepeta maharagwe.

"Kuvisha nyumba?" Tryphena aliweka ungo chini. "Baba Lorna, umegeuka mama uzeeni?"

"Nimetumwa, shemeji."

"Na nani?"

"Na mwenye kutuma. Unamjua. Ungemkatalia wewe?"

Tryphena alicheka kicheko chake cha zamani, kile kilichokuwa kikisikika hadi karakana, halafu kikakatika. Akainua mikono. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye viungo, vimepinda.

"Angalia hizi. Ndizi za Mboghoni. Zinashika mwiko kwa shida."

"Basi njoo tu uketi. Utakuwa wewe wa kuketi kwanza."

"Nije mikono mitupu? Mimi? Mama Lorna atafufuka anichape." Alichukua ungo tena. "Nitafuma kidogo kidogo. Nikilia usiku utanilipa wewe."

Priscilla naye hakuhitaji kuombwa. Alisema kwa sauti yake ndogo, "Nilikuwa najiuliza kama mtu atakuja." Alikuwa na vitambaa tayari, amevifuma bila kujua ni vya nani.

Lorna alipopigiwa simu alifurahi. "Poa sana, Baba! Waje Jumamosi. Maxi atapiga picha, hiyo ni stori kali. Asubuhi tutakuwa sokoni Taveta lakini saa nane tumerudi. Si uko na ufunguo?"

Ufunguo alikuwa nao. Akina mama, kwa upande wao, hawakuwa na habari ya saa nane. Kazi ya kuosha huanza asubuhi, jua likiwa changa, la sivyo nguo hazikauki kabla ya kutandazwa. Kwa hiyo Jumamosi ile walishuka Voi mapema, wamefunga vilemba, kila mmoja na mfuko wake, na Makokha akawapandisha ngazi polepole, wakipumzika kila walipofika pa kugeukia. Akafungua mlango.

Walisimama. Priscilla alitazama huku na huku kama mtu aliyeingia kanisa la dhehebu lingine.

"Hii ni chemli," alisema. "Haina mafuta."

"Ina balbu ndani," Makokha akajibu.

"Chemli ina balbu? Na stima si hiyo hapo juu?"

"Labda hiyo ya juu imeharibika," Tryphena akasema. Alikuwa amefika kwenye kiti cha mbao ambacho Lorna alikipaka rangi ya buluu, kisha akakikwangua pembe hadi mbao zikaonekana. Alikigusa kwa huruma. "Rangi iliwaishia."

"Na huu mkoba? Wanasafiri?"

"Ni meza," Makokha alisema, na alipolitamka neno hilo akaona jinsi lilivyosikika.

"Maskini!" Tryphena alishika kifua. "Hawana meza. Wameweka vyombo kwa kreti ya soda kama sisi wakati ule wa kwanza. Baba Lorna, mbona hukusema watoto wako na shida namna hii? Ningekuja na sufuria."

Makokha alitaka kueleza, lakini angeeleza nini? Kwamba kiti kilikuwa kizima kikaharibiwa makusudi? Kwamba mtu mwenye balbu dari nzima ananunua chemli asiyoiwasha? Alikuwa amelikubali jambo hilo moyoni bila kulipa maneno, na sasa maneno yalipohitajika hayakuwepo. Akanyamaza. Wao wakachukua ukimya wake kuwa aibu ya baba, wakamhurumia naye.

Ndipo Priscilla alipoingia chumba cha kulala kutafuta nguo za kuosha. Akaita kwa sauti iliyowafanya wote wakimbie, kwa kadiri walivyoweza kukimbia.

Kamba ilikuwa imefungwa kutoka dirishani hadi mlango wa kabati, na kikapu kikubwa kilikuwa chini yake. Kwenye kamba na ndani ya kikapu vilikuwa vitambaa, vingi, na vyote vilikuwa na rangi ya maji ya mto uliofurika. Priscilla alikuwa ameshika kimoja. Kilikuwa na maua ya pembe sita, na kila ua limefungwa kwa mwenzake kwa nyuzi tatu zilizosukwa. Mtu mmoja tu kwenye kwota zote ndiye aliyefunga maua hivyo.

"Hizi ni za Mama Lorna," alisema.

Makokha alikichukua. Alikuwa amekiona kitambaa hicho juu ya redio yake karibu maisha yake yote ya ndoa, kikiwa cheupe hata siku zile ambazo maji yalikatika. Akakigeuza. Nyuma nako ni hivyo hivyo.

"Paa limevuja," alisema. "Ni kutu ya tangi."

Tryphena alinusa. "Hii si kutu. Inanuka majani ya chai."

"Walimwagikiwa na chai."

"Zote?"

Walitazamana. Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyeweza kufikiri kwamba mtu mwenye akili timamu angechukua kitu cheupe, cha mama yake aliyekufa, akakitia rangi ya uchafu kwa kupenda. Jambo hilo halikuwa na mahali pa kuingilia vichwani mwao. Kilichoweza kuingia ni kwamba mtoto ameshindwa. Hana mama wa kumfundisha, ana kijana wa kamera, wameweka vitambaa vibaya vikaharibika, na sasa wamevificha chumbani kwa aibu.

Priscilla ndiye aliyekata shauri. "Tuzioshe sasa hivi. Kabla hajarudi. Azikute nyeupe, na tusimwulize kitu. Asijue kama tuliona."

Ilikuwa heshima. Mtu akilisimulia jambo hili na kulicheka, akumbuke kwamba lilianza kwa heshima.

Walibeba karai na ndoo hadi barazani. Walifua kwa sabuni ya mche, mara moja, mara mbili, rangi ikafifia kidogo tu, maana Lorna alikuwa ameitia chumvi ili ishike. Tryphena akajaribu kusugua, vidole vikakataa. Makokha akatumwa dukani kununua bluu na jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Alileta chupa kubwa, na alipoona jiki inaanza kuila ile rangi alipata furaha ambayo hakuwa ameionja tangu kilio cha mkewe. Akamimina. Vile vingine, ambavyo Lorna alivinunua sokoni, vikaanza kuwa vyeupe. Vya Nasimiyu vilibaki na umanjano.

"Ongeza," alisema Tryphena. "Kidogo tu."

Makokha aliongeza, wala si kidogo. Akaongeza na maji ya moto. Wakaviacha vilowe huku wakifua mapazia, na Tryphena akaanza wimbo wa zamani kwa sauti ya chini, na kwa muda mfupi, pale barazani ghorofa ya pili, mambo yalikuwa kama yanavyopaswa kuwa.

Kisha Tryphena akainua kitambaa cha kwanza cha Nasimiyu. Ukingo ulikuja mkononi. Katikati ilibaki majini.

Akaweka ukingo chini taratibu, akainua cha pili. Nacho kilikuja vipande. Uzi uliofuliwa na kuanikwa kwa miaka arobaini, ukapikwa, ukatiwa chumvi, ulikuwa umechoka, na wao waliumaliza. Maua ya pembe sita yaliachana moja moja, yakaelea.

"Acha," Priscilla alisema. "Usiinue tena."

Walikuwa bado wameinamia karai waliposikia mlango, na Lorna akaingia akiwa na kikapu cha majani ya migomba kichwani, akicheka na Maxwell nyuma yake. Walirudi mapema.

"Anti zangu! Mmefika kitambo—" Akaona barazani. Akaona kamba nzima ya vitambaa vyeupe ikipepea.

"Aki ya nani," Maxwell alisema. "Lorna, ile oda."

"Baba." Lorna aliweka kikapu chini. "Hizi nani amefua?"

"Tumefua sisi," Priscilla akajibu upesi. "Ni desturi, mwanangu. Usijali, hatujaona kitu. Chai ni chai, humwagika."

"Haikumwagika! Nilizipika kwa chai. Wiki nzima, Anti."

"Ulizipika?" Makokha alisema. "Kwa nini?"

"Ndio zikae za zamani."

"Zilikuwa za zamani."

"Zilikuwa za zamani lakini hazikai za zamani, Baba! Nyeupe inakaa ya supamaketi. Mteja anataka ile rangi, ile ya kitu imekaa. Kuna mama anafungua vyumba vya wageni pale karibu na lango la mbuga, anakuja kuchukua kesho asubuhi. Nikimkosa huyo, hii nyumba tunaiacha. Mwezi huu huu." Akatulia. Alikuwa amehesabu kwa macho vilivyokuwa kwenye kamba. "Na za mama ziko wapi?"

Lorna akafuata macho yao hadi kwenye karai. Alipiga magoti, akaingiza mikono ndani ya maji yale makali, akatoa ua moja, likamkatikia kwenye kidole. Akajaribu lingine. Makokha alitaka kumwambia aondoe mikono, itaungua, lakini alihisi kwamba amepoteza haki ya kumwambia jambo lolote. Maxwell, aliyekuwa amekwisha kutoa simu mfukoni, aliirudisha.

Lorna alilia kimya, mgongo tu ndio uliotikisika. Tryphena alimfuta mikono kwa leso yake mwenyewe kama mtoto mdogo.

Priscilla alifungua mfuko wake. Akatoa vitambaa alivyokuja navyo, vimekunjwa ndani ya gazeti, vyeupe, vigumu kwa uji wa muhogo. Tryphena akatoa vyake. Vilikuwa vidogo, mishono imeyumba, na mtu angeweza kuona mahali ambapo mkono uliuma ukaacha na siku nyingine ukaanza tena.

"Mwanangu," Priscilla alisema, "tulikuja kukuvisha nyumba. Hizi ni zako."

Lorna alizipokea kwa mikono miwili. Akaziangalia. Maxwell akasema chini chini, "Na hizi za soko zikirudi kwa chai, hizo zinajazia."

"Maxi, nyamaza."

"Nasema tu. Mpaka kesho asubuhi tunaweza."

Neno lilikuwa limeshatoka, na Makokha alimwona binti yake akilipima. Hakuwa mtoto mbaya. Alisimama pale na kitambaa cha Tryphena mkononi.

"Mama yako alitaka..." Makokha alianza.

"Najua alitaka nini, Baba. Lakini mama alipewa nyumba na reli. Hakuna siku alilipa kodi na kitambaa." Sauti haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyechoka. Lorna akawageukia akina mama. "Anti, mtanisamehe? Nitawatengenezea njia nyingine. Lakini sina njia leo."

"Ni zako," Tryphena alisema. "Kitu nimekupa, siulizi unafanya nini nacho."

Maxwell akawasha gesi. Sufuria kubwa iliwekwa, na pakiti nzima ya majani ikamiminwa ndani. Akina mama waliombwa waketi, wakaketi bila kupanga nani wa kwanza, Priscilla kwenye kile kiti kilichokwanguliwa. Kutoka hapo waliona kila kitu. Waliona vitambaa vikitumbukizwa kimoja kimoja, vikibaki juu kidogo kwa sababu ya ugumu wa uji, kisha vikilegea na kuzama. Cha Tryphena kilikataa kuzama. Lorna akakisukuma kwa mwiko.

"Na chumvi unatia saa ngapi?" Priscilla aliuliza, kwa adabu.

"Sasa hivi, Anti. Ikichemka."

"Aha."

Hakuna aliyeimba. Hakuna aliyesema kwamba sasa kuna watu hapa. Walipewa soda, wakanywa nusu, wakasema jua linaenda.

Yule mwenye vyumba vya wageni alivichukua vitambaa asubuhi iliyofuata, akavisifu. Haikusaidia. Kabla mwaka haujaisha kodi ilipandishwa, na Lorna na Maxwell wakahamia pwani, Diani, ambako inasemekana wageni ni wengi. Lorna hupiga simu Jumapili. Anazungumza vizuri, anauliza kama baba amekula. Tryphena alifariki wakati wa mvua za masika. Jeneza lake lilifunikwa kitambaa cha nailoni kilichonunuliwa siku hiyo hiyo. Priscilla macho yamekwisha, hatoki Wundanyi. Hakuna nyumba itakayovishwa tena Voi, wala aliyebaki wa kuivisha, na wasichana wanaopanga leo hawajui kwamba kuna kitu hawakufanyiwa. Makokha angali Birikani. Viti vyake ni vitupu, kwa sababu vya kuvifunika alivitoa mwenyewe. Ndugu zake hawamwulizi tena kazi iliyombakiza.

Wale akina mama wawili aliwaona pamoja mara ya mwisho jioni ya Jumamosi ile ile, alipowasindikiza hadi kwenye magari ya Wundanyi, yanayopitia Mwatate. Walitangulia mbele yake, mifuko yao mitupu imekunjwa kwapani, Tryphena akichechemea upande mmoja. Yeye alikuwa na maneno ya kuwaambia, akawa anayapanga njia nzima. Walipofika, utingo aliita kwamba zimebaki nafasi mbili. Priscilla akageuka, Makokha akafungua kinywa, lakini Priscilla hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akihakikisha kwamba Tryphena yuko nyuma yake. Akamshika mkono wakapanda, na mlango ukafungwa.